Maua ya mukuba: yenye kujua mugodi mbele yetu

Ukitoka Likasi na kufuata barabara ya Kolwezi, mbele ya kufika Fungurume macho yanaanza kuona kitu. Pande zote mbili ni pori ya miombo, miti imekaribiana. Halafu, katikati ya ile pori, mulima unatokea, na juu yake hakuna muti. Kuko paka mayani, mawe, na tumaua tudogo tudogo. Mugeni mwenye kupita mara ya kwanza atafikiri kwamba watu wa makala walikata miti yote hapo mupaka ikaisha. Sisi watu wa Katanga tunajua kwamba si vile. Pahali pale panalala mukuba.

Hiyo njo elimu ya kwanza ya mugodi. Wazee wetu walikuwa nayo zamani sana, wakati hakukuwa mashini ya kutoboa mawe wala karatasi ya injinia. Mulima wenye upara waliujua kwa macho. Lakini leo mutu akituuliza majina ya yale maua ya juu ya mulima, wengi wetu tunanyamaza. Tunayakanyaga kila asubui na buti za kazi, watoto wanayachuma kwa kucheza, na magari makubwa yanayafunika na vumbi.

Kwa hiyo leo tumetaka kuyaongelea, juu ya sababu tatu. Ya kwanza, maua haya yanaonyeshaka pahali mukuba iko. Ya pili, yanaonyesha hatari, na hiyo inagusa sahani ya watoto wetu. Ya tatu, siku mugodi utaisha, haya maua njo yatakuwa kati ya mimea michache yenye inaweza kukubali kuishi juu ya udongo tutakaoacha.

Visiwa katikati ya pori

Mukanda wetu wa mukuba unatoka Kolwezi, unapita Fungurume, Likasi na Lubumbashi, unaenda kuingia Zambia. Kwa upande wa Kongo uko na urefu wa kilometa karibu 300 na upana wa kilometa karibu 50. Ndani yake kuko milima ya mukuba zaidi ya mia moja. Kila moja iko sawa kisiwa ndani ya ziwa, na maji ya hilo ziwa ni pori.

Juu ya nini miti haipandi kule? Sababu iko ndani ya udongo. Katika udongo wa kawaida, kilo moja ya udongo mukavu iko na miligramu makumi machache tu ya mukuba. Kile kipimo ni kizuri. Hata mwili wa mutu unahitaji mukuba kidogo. Lakini juu ya milima yetu, kilo ile ile inaweza kuwa na miligramu maelfu na maelfu, pengine zaidi ya 10.000. Kwa muti wa kawaida hiyo ni sumu. Muzizi unafika pale, unaacha kukomaa, na muti mutoto unakufa mbele haujapata majani mawili matatu. Kwa vile pori inasimama chini ya mulima, kama mutu mwenye kufika kwenye mulango na kukatazwa kuingia.

Lakini kuko mimea yenye iliingia. Kwa wakati murefu, wakati mawe ya mukuba yalikuwa yanatoka inje kwa kuoshwa na mvua za miaka bila hesabu, mimea kadiri ilijifunza kuishi na ile sumu. Mingine inazuia mukuba kwenye muzizi isipande juu. Mingine inaikubali ndani ya majani na inaifunga isiwaze kuumiza. Wasayansi wamehesabu aina zaidi ya 600 za mimea juu ya milima hii. Na kati yao, zaidi ya 30 haioti fasi ingine yoyote ya dunia. Sikieni vizuri: fasi ingine yoyote. Mutu akiitafuta Ulaya, Amerika, ao hata kwenye mashamba ya jirani kilometa mbili tu kutoka mulima, hataipata. Ni mali ya Katanga peke yake, sawa vile kobalti yenye dunia yote inatukimbilia.

Hata juu ya mulima umoja, kila mumea uko na kiwanja chake. Kule kilele, kwenye nyufa za mawe, mutakuta Xerophyta, kamuti kenye kufanana na ufagio wenye kuungua moto. Wakati wa kiangazi unaapa kwamba kamekufa. Mvua ya kwanza inanyesha, kanakuwa kabichi na kanatoa maua meupe ao ya zambarau nyepesi. Kwenye muteremuko mayani mafupi yanatawala, pamoja na mimea yenye kuficha mizizi minono chini ya udongo. Hiyo haiogopi moto wa pori. Mwezi wa nane ao wa tisa, moto ukiisha kupita, mulima wote ukiwa mweusi, maua yanatoka ndani ya majivu mbele hata ya mvua. Mwenye amekwisha kuona vile hawezi kusahau.

Lile wanaita "ua la mukuba"

Kati ya yote, moja limepewa jina la heshima. Kwa Kifaransa wanaliita "fleur de cuivre", na wasayansi wanaliita Haumaniastrum katangense. Ni la jamaa moja na lumbalumba, yale majani ya harufu yenye wamama wanatiaka mu samaki. Linazaliwa na mvua, linachanua rangi ya zambarau na bluu mvua zikikaribia kuisha, kisha linakufa na kuacha mbegu zake chini kwa mwaka wenye kuja.

Kuko kitu moja cha kujua juu yake. Ua hili linapenda udongo wenye umekwisha kuchimbuliwa. Pahali mashini imegeuza udongo wa mukuba, kando ya barabara ya mugodi, juu ya lundo la mawe ya kutupwa, njo linaotaka kwa wingi, linajaza fasi sawa shamba lenye mutu alipanda kwa mukono.

Na tabia hiyo ilisaidia kufungua kurasa za historia yetu. Wafua mukuba wa zamani hawakuyeyusha mawe kila mara juu ya mulima. Walihitaji makala, maji, na udongo wa kichuguu kwa kujenga tanuru. Kwa hiyo walibeba mawe ya kijani mupaka kule vitu hivyo vilikuwa. Walipuliza moto kwa mivukuto, mukuba ikatiririka, wakaimwaga katika misalaba, ile misalaba ya mukuba yenye ilikuwa feza ya inchi hii na yenye ilikutwa ndani ya makaburi ya zamani karibu na ziwa Kisale. Kisha watu wale walihama. Tanuru zikaanguka, pori ikazifunika. Lakini takataka ya tanuru ilibakiza mukuba ndani ya udongo, na ua la mukuba likaja kukaa pale. Miaka mamia na mamia imepita, na bado linaota kila mwaka pahali pale pale, mbali na mulima wowote wa mukuba. Watafiti watatu, Guy de Plaen, François Malaisse na Robert Brooks, waliandika mambo hayo katika mwaka 1982: waliweza kufuata maua na kukuta chini yake alama za wafua mukuba wa zamani. Malaisse huyo alifundisha miaka mingi hapa Lubumbashi.

Ndugu zetu wa Zambia nao wako na ua lao. Wasayansi waliliita kwanza Becium homblei, leo wanaliita Ocimum centraliafricanum. Katika miaka ya 1950, watafuta mukuba wa kule walilitumia kabisa kwa kazi: pahali lilionekana kwa wingi walitia alama, kisha wakaja kupima udongo.

Lakini hapa tuseme kweli kwa vijana wa karieri. Ua halitoi ahadi. Lile la Haumaniastrum linaweza kuota pahali gari lilimwanga mawe, ao pahali upepo ulipeleka vumbi la tanuru, na chini hakuna kitu. Watu walijaribu pia kulipanda kwenye udongo usiokuwa na mukuba, na likaota. Ua linasema kwamba pale pengine kuko mukuba ndani ya udongo wa juu. Halisemi kama mushipa unashuka mita kumi ao unaishia mita moja. Mwenye kufungua kisima kwa kuamini ua peke yake anaweza kupoteza nguvu bure, na pengine maisha yake.

Kobalti nayo iko na maua yake

Mwisho wa miaka ya 1950, profesa mumoja wa Bruxelles, Paul Duvigneaud, alipanda milima yetu na wenzake, mumoja kisha mwingine, akiandika kila mumea na kupima kila udongo. Yeye njo alifanya dunia ya wasayansi ijue kwamba Katanga iko na bustani yenye haina mufano. Kati ya mimea yenye kazi ile ilipatia majina kuko mumoja wa jamaa ya maharagi, wenye maua ya manjano: Crotalaria cobalticola. Ukisoma jina lile polepole utasikia "kobalti" ndani yake. Unaota kwenye udongo wenye kobalti.

Kuko pia ndugu ya ua la mukuba, Haumaniastrum robertii. Majani yake makavu yalipimwa, na hesabu ilishangaza watu: karibu 1 kwa mia ilikuwa kobalti. Kuko mawe ya mugodi yenye haifike pale! Lakini watafiti waliokuja nyuma waliuliza swali la akili: je, ile kobalti yote ilikuwa ndani ya jani, ao ilikuwa vumbi yenye kushikana na jani kwa inje? Walipoosha majani vizuri mbele ya kuyapima, waliona kwamba kwa mimea mingi hesabu inashuka sana. Sehemu kubwa ya ile madini ilikuwa paka vumbi.

Wamama, neno lile muliweke kwenye akili, maana linaingia moja kwa moja ndani ya jikoni.

Lenga-lenga haisemi kitu

Ua la mukuba linasema waziwazi: "Hapa kuko mukuba." Lenga-lenga haisemi kitu. Inaweza kuota kando ya lundo la mugodi, majani mabichi, mazuri, na hakuna mutu mwenye ataona kwa macho kile kiko ndani yake ao juu yake.

Katika mwaka 2009, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kazi yao. Walipima mikojo ya watu wa Katanga, wenye kukaa karibu na migodi na tanuru, na wenye kukaa mbali. Wale wa karibu walikutwa na kobalti nyingi sana, na watoto walikuwa kati ya wenye kuguswa zaidi. Kazi zenye zilifuata zilionyesha njia zenye kobalti inapita kwa kuingia mwilini: vumbi la nyumba na la barabara, na chakula chenye kulimwa kwenye udongo wa pale, sana sana mboga za majani. Mutoto anacheza chini, anatia mukono mu kinywa. Baba anarudi na nguo za kazi, anamukumbata. Mama anachuma matembele nyuma ya nyumba. Hakuna mutu mwenye amefanya kosa, lakini vumbi imeingia.

Kwa hiyo tunaweza kutumia maua sawa musaada. Ukiona kiwanja chenye miti haioti, chenye kujaa ua la mukuba na mayani mafupi yenye kutawanyika, usipande pale sombe wala lenga-lenga, hata kama kiwanja ni cha bure na maji yako karibu. Pande mbali, upande upepo haupeleki vumbi. Kama hakuna fasi ingine, leta udongo muzuri ndani ya mifuko ao utengeneze tuta la juu, na utie mbolea ya kuoza. Osha mboga na maji safi mara mbili, mara tatu, mbele ya kuikata, si kisha kuikata. Na nguo za mugodi zifuliwe pembeni, zisichanganywe na za watoto. Hayo hayataondoa kobalti yote, lakini yanapunguza.

Mulima ukichimbwa

Sasa tufike kwa neno lenye uchungu. Ua linaota pahali mukuba iko. Mukuba inachimbwa pahali ua linaota. Ni nani atashinda?

Tulianza na Kalukuluku, ile Wazungu waliita Étoile, karibu na Lubumbashi. Mawe yake njo yalilisha tanuru ya Lubumbashi yenye ilimwaga mukuba yake ya kwanza katika mwaka 1911. Tangu pale, mulima kisha mulima umegeuka shimo. Kwenye mugodi wa wazi, kitu cha kwanza chenye kuondolewa ni ngozi ya mulima, na maua yako ndani ya ile ngozi. Kati ya zile aina zaidi ya 30 zenye hazina kwao kwingine, kuko zenye hazionekani tena, na zingine zimebakia juu ya milima miwili ao mitatu tu. Kama ile milima inaisha, zimeisha duniani kote.

Hatusemi migodi ifungwe. Sisi wenyewe tumelishwa na mugodi. Bukari ya mezani kwetu, karo ya masomo na mabati ya nyumba vimetoka kule. Mwenye kuambia muchimbaji achague kati ya ua na watoto wake hajui anasema nini. Lakini kuko kazi yenye inaweza kufanyika mugodi ukiwa unaendelea, na yenye imekwisha kuanza. Kule Fungurume, mimea ya milima yenye ilikuwa inaenda kuchimbwa ilikusanywa, mingine ikapandwa fasi ingine, na mbegu zikawekwa kwenye baridi katika bustani ya mimea ya Meise, Ubelgiji. Wakilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wenzao wa Bruxelles na wa Gembloux, wanajifunza namna gani kila mbegu inaota na inaomba nini.

Si kazi nyepesi. Mulima uko na udongo wa aina nyingi, mita kwa mita, na ua lenye kuishi kwenye nyufa za kilele halikubali kuishi chini. Ukihamisha udongo wote pamoja na kuumwaga fasi moja, umevuruga nyumba yote. Mbegu zenye kulala Ulaya ni akiba nzuri, lakini akiba si mulima. Kwa hiyo watafiti wanaomba kwamba milima kadiri iachwe muzima, na kwamba udongo wa juu uwekwe pembeni vizuri mbele ya kuchimba, usichanganywe na mawe ya kutupwa.

Nani atafunika udongo?

Kule Lubumbashi, upande wa kaskazini-magaribi wa bomba refu la tanuru ya zamani, kuko eneo lenye moshi ulipelekwa na upepo kwa miaka makumi. Miti ya miombo ilikufa. Udongo ulibaki wazi, mvua ikaula na kuchimba makorongo. Watu wa Penga-Penga wanajua ile vumbi nyekundu yenye kuingia mupaka ndani ya chumvi. Ni pale wakilimo walijaribu kitu. Walichukua mayani mafupi ya milima ya mukuba, yale wanaita Microchloa altera, wakayapanda, wakatia chokaa na mbolea ya kuoza kwa kusaidia udongo. Yale mayani yalishika. Hayakuondoa mukuba, lakini mayani yakiisha kushika udongo, vumbi inapungua na mvua haibebi tena kila kitu kupeleka kwenye visima na mito.

Hapo njo tunaona sababu ya tatu tuliyotaja mwanzoni. Kila mugodi utakauka siku moja. Wazungu waliondoka, wengine walikuja, na wale nao wataondoka. Mashimo na malundo ya mawe yatabaki na sisi. Siku ile tutahitaji mimea yenye kukubali kuota pahali miti inakatala. Hakuna dukani. Mungu aliitayarisha hapa hapa, juu ya ile milima tunaiondoa. Tukiacha iishe yote leo kwa kukosa tu kujua, watoto wetu watabakia na vumbi, bila hata yani moja la kuifunika.

Kwa hiyo tunaomba mambo madogo. Ninyi ba papa na vijana mwenye kufanya kazi juu ya mulima, mukiona kipande chenye hakitachimbwa, musikitie moto bure, musikitupie mawe. Ninyi wenye kukaa kwenye mikutano ya kijiji na kampuni, wakati munauliza juu ya barabara, maji na masomo, mutie na swali hili: ni kilima gani kitabakia muzima, na udongo wa juu utawekwa wapi? Hilo ni swali la haki. Na ninyi walimu wa Likasi, wa Kambove, wa Kolwezi, mwisho wa mvua muwapandishe watoto juu ya kilima, muwaonyeshe lile ua la zambarau. Muwaambie jina lake, muwaambie juu ya wazee wenye kumwaga misalaba ya mukuba, na muwakataze kulima mboga pale linaota.